Sanamu tatu za mwanamuke

Wasomaji wetu wa Butembo na Beni wanaona sanamu za wanawake kila siku: juu ya vibao vya wasusi, katika maduka ya nguo, na zaidi katika telefone. Tunataka kuzipima, ginsi mutu anavyopima kazi ya fundi.

Ya kwanza ni mama munene wa kikwembe. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilikataza wanawake suruali na wigi, ikasifu kikwembe. Unene wa mama yule ulisema: nyumba hii ina chakula. Tena, ngambo ya mupaka, katika Uganda, mwaka 1985 waganga waliandika juu ya ugonjwa ambao watu waliuita "Slim", maana yake mwembamba, ndio ukimwi. Basi kukonda kukawa jina la kifo.

Ya pili ni musichana mwembamba. Mwaka 2001 Agbani Darego wa Nigeria alichaguliwa Miss World, mwanamuke mweusi wa kwanza wa Afrika kupata taji ile. Kwao wazee wengi walimuona amekonda mno; vijana walimusifu.

Ya tatu ni ya telefone: kiuno cha nyigu, matako makubwa. Hii tunailaumu zaidi, kwani mara nyingi ni uwongo: makina imeinyosha, ao kisu cha daktari kimeichonga. Anayeitamani anafika kwa muuza dawa. Katika miji ya Kongo wengine wanameza siproheptadini, dawa ya mizio inayoongeza njaa, pamoja na deksametazoni. Hii ya mwisho, ikimezwa siku nyingi, inaweza kuleta kisukari, kupandisha damu na kuzoofisha mifupa. Na kuiacha gafula ni hatari. Sanamu imeahidi kiuno. Dawa inajaza uso na tumbo.

Mutu atasema: kila wakati una uzuri wake. Ni kweli. Hatutaki kurudisha sanamu ya kwanza kwa nguvu; nayo ilikuwa na amri za wanaume ndani yake.

Lakini tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa, wanakimbia mashamba yao. Mama aliyekonda kwa sababu hawezi kufika kwa mihogo yake hayumo katika sanamu hata moja. Fundi atakayemuchora bila kumunenepesha wala kumuchekelea, tutamusifu katika kurasa hizi.