Bahari Iliyo Ukutani na Bahari Iliyo Mlangoni

Mwezi uliopita nilikaa saa mbili kwenye lobi ya jengo moja la ofisi kule Upper Hill, nikifuata malipo ya makala. Soja alikuwa ashachukua kitambulisho changu. Nyuma ya meza ya mapokezi palikuwa na picha iliyofunika ukuta mzima: bahari ya kaskazini, maji ya kijivu, mawe meusi, ukungu. Lakini viti vyote vilitazama mlango, kana kwamba wageni tulikuwa tunakumbushwa njia ya kutokea. Nikajiuliza, hii bahari imeletwa hapa kwa ajili ya nani?

Swali hilo lilinirudisha kwa Fjordenhus. Sijawahi kukanyaga Denmark na sitajifanya. Jengo hili nalijua kwa picha, video na michoro. Liko mji wa Vejle na lilikamilika 2018. Ni ofisi za Kirk Kapital, kampuni ya uwekezaji ya ndugu wa ukoo wa mwanzilishi wa LEGO. Walilibuni msanii Olafur Eliasson na msanifu Sebastian Behmann. Yaani pesa za matofali ya plastiki zimejenga nyumba ya matofali ya udongo, karibu 970,000. Hata mimi nilicheka.

Kilichonishika ni ghorofa ya chini. Jengo limesimama majini, ndani ya fiodi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na unalifikia kwa daraja. Ni minara minne ya mviringo iliyoingiana, mita 28 kwenda juu. Chini imechongwa matao yaliyojipinda, na maji yanaingia mpaka ndani. Unasimama ukingoni, unainamisha kichwa, unayaona yakitikisika huku mwanga wake ukipanda kwenye kuta. Matofali yenyewe yana rangi 15 za udongo, yakichanganywa na mengine ya kung'aa: ya kijani upande wa chini, ya buluu kadiri unavyopanda. Hakuna aliyehitaji kubandika picha.

Na pale chini paliachwa wazi kwa umma. Wenye pesa wako juu, lakini mpita njia anaruhusiwa kuingia na kutazama maji. Mtu wa Lamu angeelewa haraka. Nyumba za kwao zina baraza nje, na mgeni hukaa hapo akapiga gumzo kabla hajaulizwa amefuata nini. Lobi nyingi za Nairobi huanza na swali: unaenda kwa nani, ghorofa gani?

Hadi hapo ningempa Eliasson maua yake niende zangu. Shida ni maji yenyewe.

Aprili 2024, watu walikusanyika Vejle kufanya mazishi ya fiodi yao, wakiwa na wanaharakati wa Greenpeace. Haikuwa mzaha. Mbolea ya mashambani husombwa hadi baharini, naitrojeni yake inalisha mwani, mwani unatanda na kuzuia mwanga usifikie nyasi bahari. Mwani ukifa, kuoza kwake kunamaliza oksijeni, na samaki hawana pa kupumulia. Yote hayo yanatokea chini ya uso uleule unaotupa mwanga mzuri kwenye kuta za lobi.

Je, hilo ni kosa la jengo? Hapana. Halikumwaga mbolea. Lakini jengo linalomshika mtu bega na kumwambia "tazama maji" haliwezi kuishia kwenye mwanga tu. Kazi za sanaa ambazo Eliasson ameziweka pale chini zinacheza na macho, na zinacheza vizuri. Ila huyu ndiye aliyesafirisha vipande vya barafu kutoka Greenland na kuviacha viyeyuke mbele ya watu Paris, 2015. Anajua kabisa namna ya kufanya msiba wa maji uonekane. Ningetoa moja ya kazi hizo, niweke kitu kinachoonyesha oksijeni iliyobaki fiodini leo, kwa namba kubwa, mwenye ofisi aipite kila asubuhi akienda kazini.

Hata hivyo, bado naichagua lobi hiyo. Bahari ya Upper Hill haiwezi kuugua wala kumwaibisha mtu. Ya Vejle inaweza. Ikichafuka, itachafukia miguuni pa wenye jengo, na mgeni aliye ukingoni ataona sawasawa na wao.

Kwa hivyo wasanifu wetu wakitaka maji, waache kuagiza ukungu wa kaskazini. Mto Nairobi unapita hapa hapa mjini, na sote tunajua unavyonuka. Siku mtu atakapojenga lobi inayothubutu kuufungulia mlango, nitapanda matatu niende kuiona, hata kama soja atachukua kitambulisho.