Nuru kwa Milango: Namna Maulidi ya Ujiji Yalivyosukwa

Usiku wa kuamkia tarehe 12 ya Mfungo Sita, mwezi huwa umekaribia kujaa. Ukitoka msikitini Ujiji baada ya Isha unaukuta umepanda juu, na hautazama nyuma ya milima ya Kongo mpaka alfajiri ikaribie. Kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hizo ni siku za mbalamwezi, na kazi yao yataka giza. Karabai, na siku hizi taa za sola, huwashwa juu ya maji meusi. Vidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa hufuata vidudu, mgebuka naye hufuata dagaa. Mwezi ukimwaga mwanga ziwa zima, taa hukosa nguvu na nyavu hubaki ufukweni. Kalenda inayopanga kazi ya ziwani ndiyo hiyo hiyo inayopanga usiku wa Maulidi. Usiku huo mvuvi ana nafasi ya kukaa mkekani mpaka manane.

Watu wengi husema maulidi yanagusa moyo, wakaishia hapo. Mimi naona tuna wajibu wa kuuliza yanaugusaje, kwa sababu maulidi yalisukwa kwa ufundi na kila kipande kilipewa kazi. Anayezijua kazi hizo hawezi kukubali kipande cha mwisho kikatwe, jambo linalofanyika mara nyingi sana siku hizi.

Kitabu na wasikilizaji wake

Maulidi yanayosomwa zaidi Afrika Mashariki ni ya Barzanji. Mtunzi wake, Ja'far bin Hasan al-Barzanji, alikuwa mufti wa madhehebu ya Shafi wa Madina katika karne ya 18, na aliandika kwa Kiarabu cha wanazuoni. Sasa iangalie Ujiji ya karne ya 19. Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliukuta mji ukiwa kituo cha biashara, mwisho wa njia ya misafara inayotoka Bagamoyo kupitia Tabora, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Hapo walikutana Wajiji wenyeji, Waarabu, Waswahili wa pwani, na baadaye Wamanyema wengi kutoka ng'ambo ya ziwa, baadhi yao wakiwa wameletwa kwa utumwa. Wangapi kati yao waliweza kufuata Kiarabu cha mufti wa Madina?

Njia ileile iliyobeba pembe na watumwa ilibeba pia elimu, na si kwa upande mmoja tu. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, alitoka upande wa Kongo, akafikishwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na maulidi yake yakawavuta watu kutoka mbali. Alifariki 1931. Kadiria ilikuwa imeenezwa katika pwani yetu na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyefika Unguja katika miaka ya 1880 na kuuawa mwaka 1909. Kutoka pwani ilipanda bara hadi Tabora na Ujiji. Watu iliowakuta njiani hawakuwa wa kusoma kitabu kwanza ndipo waamini. Walihitaji ibada ambayo mtu aweza kuingia kwa sikio, kwa pumzi na kwa miguu, na elimu ikafuata. Ndivyo maulidi yanavyofanya kazi.

Kina kinachoshika sikio

Barzanji si shairi. Ni nathari yenye vina: kuanzia mwanzo hadi mwisho, fungu baada ya fungu, maneno hutua kwenye mwisho wa sauti moja. Msikilizaji asiyejua neno hata moja hutambua fungu limekwisha, kwa kuwa sauti imerudi nyumbani. Msomaji hodari huivuta silabi ya mwisho, hupumua, kisha huanza tena.

Sikio la Mswahili lilikwisha kuandaliwa kwa jambo hili. Katika utenzi, vipande vitatu vya ubeti huwa na kina chao, lakini kipande cha nne kina kina cha bahari, kinachorudi katika kila ubeti hadi utenzi uishe. Mtu aliyelelewa na tenzi akikutana na Barzanji hukuta tabia anayoijua: habari hubadilika, kituo hakibadiliki. Ndiyo sababu hata baada ya Sayyid Mansab, mwanachuoni wa Lamu aliyefariki 1922, kuyatungia Maulidi Barzanji tafsiri ya Kiswahili kwa mashairi, watu hawakuacha kuyasoma kwa Kiarabu. Tafsiri ilitoa maana, na matini ya asili ikabaki na ule mwenendo wa sauti unaobeba umati.

Kisha kuna milango. Kitabu kimegawanywa mafungu, na kila msomaji hupewa mlango wake. Mlango unapofungwa, waliohudhuria wote huitikia dua moja fupi ya kumuomba Mungu amshushie Mtume (S.A.W.) rehema zenye harufu njema. Wakati huo huo chetezo cha udi hupitishwa na mrashi hunyunyizwa. Ufundi huu ni wa hali ya juu: neno linataja manukato, na pua inayapokea. Dua hurudi kila mlango, kwa hiyo mtoto aliyekuja bila kujua kitu, kufikia mlango wa tatu au wa nne anaitikia na wakubwa. Hapo hakuna mtazamaji tena.

Nuru kabla ya mtu

Tazama sasa jinsi habari ilivyopangwa. Baada ya kumshukuru Mungu na kutaja nasaba, kitabu hakiendi moja kwa moja kwenye kuzaliwa. Hutanguliza nuru ya Mtume, iliyopita katika mababu kizazi baada ya kizazi. Halafu inakuja mimba, kufariki kwa baba yake Abdallah kabla mtoto hajazaliwa, na dalili zilizoonekana. Msikilizaji huishi na nuru kwa muda mrefu kabla hajakutana na mwenye nuru, na subira hiyo ndiyo inayojenga shauku.

Kisha mtoto anazaliwa, na inasimuliwa kwamba nuru iliyotoka naye iliangaza majumba ya Sham. Hapo wote husimama. Mwili uliokaa mkekani kwa muda mrefu unainuka kwa pamoja, sauti ya msomaji mmoja inageuka kuwa sauti ya halaiki, na nathari inapisha wimbo. Mambo matatu yanabadilika kwa mara moja: kimo cha mwili, idadi ya sauti na aina ya lugha. Mtunzi yeyote wa tamthilia angejivunia zamu kama hiyo. Dufu nalo lina mahali pake katika kaswida zinazosindikiza usiku huo. Ngozi yake huoteshwa moto kwanza ili ikaze, kwa maana ngozi iliyolegea kwa unyevu wa ziwa hutoa mlio mzito usiobeba sauti za waimbaji.

Ili kuuona upekee wa mpango huu, ulinganishe na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Nayo ina taa nyingi, katika beti za mishororo minne yenye mizani kumi kumi. Lakini taa zile zilikuwa za majumba ya matajiri wa Pate, na mshairi anazitaja ili aonyeshe zilivyozimika na majumba yakawa magofu. Nuru ya Inkishafi inashuka kuelekea kaburini, ili moyo uogope. Nuru ya Barzanji nayo inashuka, lakini inashuka kuelekea mikononi mwa mtu.

Milango inayokatwa

Baada ya kisimamo, kitabu bado kina safari. Kuna kunyonyeshwa na Halima, safari ya Sham na mtawa Bahira, ndoa na Bi Khadija, ugomvi wa Makureshi juu ya Jiwe Jeusi uliosuluhishwa kwa busara, wahyi, Miraji, Hijra. Hakielezi vita kwa kirefu wala hakifungi kwa maombolezo. Kinafunga kwa sura na tabia za Mtume: alivyotengeneza viatu vyake kwa mkono wake, akashona viraka vya nguo yake, akamkama mbuzi wake, akawapenda maskini na kukaa nao.

Huo ndio ufunguo wa muundo mzima. Nuru iliyoanza kabla ya ulimwengu, ikapita katika vizazi, ikaangaza majumba ya wafalme, mwishowe inaonekana kwa mtu anayeshona kiatu. Mvuvi anayejua kutia kiraka wavu hahitaji kuambiwa kwamba ibada inamhusu. Kwa mtu aliyeletwa Ujiji akiwa mali ya mwingine, habari ya Mtume aliyekaa na maskini ilikuwa na uzito ambao majumba ya Sham hayakuweza kuwa nao.

Lakini hafla nyingi za leo husoma milango michache, husimama, hupiga dua, kisha hotuba ndefu na pilau. Matokeo yake ni kwamba tunapata msisimko wa nuru bila kazi ya nuru. Mtu anarudi nyumbani akiwa amelia kwenye kisimamo, naye hajasikia habari ya kiatu na kiraka.

Wapo Waislamu, Ujiji na kwingineko, wanaoyaona maulidi kuwa ni bidaa. Mjadala huo una wanazuoni wake na una heshima yake. Ninaloliomba linawahusu wanaoyasoma. Muda ukiwa mfupi, punguzeni hotuba. Msomaji bora msimweke kwenye mlango wa kuzaliwa pekee, ambapo hata msomaji wa kawaida hubebwa na halaiki. Mpeni milango ya tabia, inayosomwa watu wakiwa wamechoka na harufu ya pilau imeshafika. Na kabla hajaanza, mwalimu mmoja aeleze kwa Kiswahili, kwa dakika chache, nini kitasomwa.

Mashairi, sauti na mwanga vina uwezo wa kumwinua mtu kwa usiku mmoja. Waliopanga milango hii walitaka zaidi ya hapo: walitaka mtu aliyeinuliwa ashuke akiwa mpole kwa watu wa nyumbani kwake na asione haya kufanya kazi kwa mikono. Maulidi yakisomwa mpaka mwisho, hilo linawezekana, na ndilo lililoyafanya yastahili kubebwa kwa miguu kutoka pwani hadi ziwani.