Mbavu Chini ya Kitambaa

Ndege ya Curtis Pitts, aliyeibuni huko Florida katika miaka ya 1940, ina mabawa mawili na kiti kimoja. Mabawa yake, toka ncha hadi ncha, ni mita 5 na ushei tu. Kwa ndege ya aina hiyo Betty Skelton alitwaa ubingwa wa wanawake wa michezo ya angani Marekani mwaka 1949 na 1950. Tangu miaka ya 1960 watu wamekuwa wakinunua michoro yake na kujiundia wenyewe gerejini. Kwa anayefanya kazi hiyo jioni jioni, miaka hupita.

Kiwiliwili ni mabomba membamba ya chuma. Fundi hupiga tupa ncha ya bomba, hulijaribisha, hupiga tena, mpaka likae juu ya bomba jingine bila kupitisha mwanga. Ndipo huwasha moto wa kulehemu. Hushika nukta moja huku, nukta nyingine kule, kwani joto likizidi upande mmoja chuma hupinda.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na mabawa. Ubavu mmoja wa bawa huundwa juu ya ubao uliochorwa umbo lake na kuzungushiwa vigingi. Vijiti vya mti wa sprusi, vyembamba kama penseli, hukunjwa taratibu kati ya vigingi, na kila kiungo hufunikwa kwa kipande cha plaiwudi chenye gundi. Pembeni fundi huunganisha vipande viwili vya mabaki kwa gundi ileile. Kesho yake huvivunja. Mbao ikichanika na gundi ikabaki imeshika, ubavu hutolewa, mwingine huanza. Gundi ikiachia, ubavu hutupwa. Sijui mtihani wa haki kuliko huo.

Mbavu zikishapangwa kwenye mihimili, bawa huvishwa kitambaa cha poliesta, nacho hukazwa kwa pasi ya moto mpaka kilie kama ngoma. Kisha kushona: sindano ndefu huzama kandokando ya ubavu, hutokea upande wa pili, hurudi, uzi uliopakwa nta hufungwa fundo. Sentimita chache mbele, fundo jingine. Ubavu baada ya ubavu, bawa baada ya bawa.

Juu ya mshono hubandikwa utepe, kisha hupakwa rangi. Ukipitisha kiganja polepole, utauhisi uzi.