Kama Felipe angalihamia Lisbon

Wapenzi wa historia huzisimulia sana hadithi za «kama». Moja yasema hivi: Felipe II wa Hispania aliuweka mji wake mkuu Madrid mwaka 1561. Alipoipata Ureno mwaka 1580, alikaa Lisbon hata 1583, kisha akarudi. Kama angalibaki huko, karibu na bahari, ufalme wake ungalipata nguvu, na Wareno wasingaliasi mwaka 1640.

Twaisifu hadithi hii kwa jambo moja: yajua kwamba mtawala akaaye mbali husikia kwa masikio ya wengine. Mwanawe, Felipe III, aliwatembelea Wareno mara moja tu, mwaka 1619.

Lakini yautwika mji kazi ya mtu. Merikebu za vita zilizotumwa Uingereza mwaka 1588 zilitoka Lisbon hiyohiyo, zikashindwa. Na madeni aliyoshindwa kuyalipa mwaka 1575, na tena 1596, yangalimfuata njiani. Mwenye homa akihama nyumba, huhama nayo.

Basi tuzisome hadithi hizi ili tupime sababu za mambo, tusizitumaini kama dawa.