Mkeka Usio na Mfumaji

Bakteria aitwaye Lysinibacillus sphaericus hujivika koti la protini ya aina moja tu, SbpA, iliyopangika kama mkeka wa vyumba vya mraba. Kutoka chumba hadi chumba ni takriban nanomita 13. Ukiivua protini hiyo na kuitia kwenye maji yenye kalsiamu, hujifuma upya juu ya kitu bapa. Wengi hudhani kila molekuli hutua papo hapo mahali pake, kama tofali ukutani. Dhana hiyo haisimami, na ushahidi ninaouamini zaidi ni wa mwaka 2010, kutoka maabara ya Lawrence Berkeley, California.

Watafiti wa huko walitandaza utando wa mafuta, wakaufunika kwa maji yenye protini, kisha wakaupapasa kwa hadubini ya nguvu ya atomu, ambayo ncha yake kali hupita mstari baada ya mstari humo humo majini. Kilichoonekana kwanza ni vichuguu laini visivyo na umbo. Baadaye kila kichuguu kilijikunja ndani kwa ndani, molekuli zikashikana nne nne, na miraba ikajitokeza. Tangu hapo molekuli mpya zilijiunga kwenye kingo za mkeka uliokwisha kuumbika. Kilichochelewesha kazi hakikuwa kufika kwa molekuli, bali kujikunja kwake. Hilo ndilo jambo zito: uso huzikusanya tu, na mpangilio huzaliwa katika msongamano wenyewe.

Mtu atauliza, na ana haki: je, si uso uliokuwa kalibu? Jibu lilikuja 2012, safari hii juu ya ulanga, madini yanayobanduka kama kurasa na kuacha uso bapa hadi kiwango cha atomu. Hapo vipande vya mkeka vilitokea vya namna mbili: vilivyotulia tangu mwanzo, na virefu kidogo vilivyonaswa katika umbo lisilo lao, vikabaki hivyo kwa muda mrefu kabla ya kugeuka. Kalibu moja isingetoa maumbo mawili kwa wakati mmoja. Pingamizi la kwamba ncha huenda ikavuruga kazi ni la kweli zaidi. Ndiyo maana hugusishwa kwa nguvu ndogo mno, na ni busara kupiga picha pia pale ambapo haijawahi kupita.