Tarehe 1 Julai

Cheti cha kuzaliwa cha bibi yangu kilitolewa akiwa tayari ana wajukuu kumi na mmoja. Kinasema alizaliwa Chimala, tarehe 1 Julai 1938. Nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichowahi kukifanyia uhakiki. Mwaka huu nimekisoma tena, kwa sababu tunajengea kaburi lake na fundi anasubiri kuambiwa achonge mwaka gani.

Mjomba anataka 1938. Ni karatasi ya serikali, anasema, na za mirathi zimeandikwa hivyo hivyo. Mama hataki. Alimsikia bibi mwenyewe akisimulia kwamba alizaliwa wakati wa nzige, na kwamba baba yake alikwenda kuchimba dhahabu Lupa yeye akiwa bado anatambaa. Mimi ndiye ninayeandika katika ukoo wetu, basi nikatumwa nitafute ukweli.

Nilianza kama wanavyoanza waandishi wa makala za ukoo ninazopenda kusoma, hasa za Waingereza na Wamarekani. Nyingi zina muundo mmoja: mjukuu anafungua rejista, anakuta jina, machozi yanamtoka, makala inaisha. Uingereza imesajili vizazi tangu 1837, na fomu zake za sensa hufunguliwa baada ya miaka 100. Marekani husubiri miaka 72. Za 1950 zilifunguliwa 2022. Babu wa mtu yumo humo kwa jina, kwa mtaa, kwa kazi yake. Muundo ule wa makala umejengwa juu ya serikali iliyoandika majina ya watu wake na kuyatunza.

Serikali iliyomtawala bibi yangu iliandika idadi. Sheria ya kusajili vizazi Tanganyika ilikuwepo tangu 1920, ila Mwafrika hakulazimishwa kumsajili mtoto wake. Sensa za 1948 na 1957 zilihesabu watu na kuchapisha majedwali kwa wilaya na kwa kabila. Bibi yumo, Wilaya ya Mbeya, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, lakini yumo kama moja ndani ya maelfu. Nikiazima mwisho wa makala za wale wenzetu nitakuwa ninadanganya.

Nikarudi kwenye cheti, nikakiuliza maswali ninayouliza hadithi yoyote: nani anasimulia, lini, na amejuaje?

"Shikamoo mjomba. Ule mwaka 1938 uliutoa wapi?"

"Marahaba. Daftari la ubatizo. Alibatizwa mtu mzima, 1958, wakaandika ana miaka 20. Nikatoa."

"Na 1 Julai?"

"Katikati ya mwaka, mwanangu. Nisikosee sana upande wowote."

Watu wa takwimu wanaifahamu sana miaka 20. Mahali ambapo watu hawana tarehe, umri hurundikana kwenye tarakimu zinazoishia na 0 na 5. Kwa hiyo 1938 ni makadirio ya mtu aliyemtazama msichana usoni na kuandika namba ya mviringo, kisha mjomba akapiga hesabu ya kutoa, akaila kiapo wilayani Rujewa, ikatoka na muhuri.

Nilitaka hapo nimpe mama ushindi. Lakini masimulizi nayo yanastahili uhakiki ule ule. Nzige wekundu walianza kuvamia karibu 1930, mbuga za Ziwa Rukwa zikiwa miongoni mwa mazalio yao, na hawakuisha hadi katikati ya miaka ya 1940. Dhahabu ya Lupa ilivuta maelfu ya watu miaka yote ya 1930. Ukiviweka pamoja unapata muongo mzima, mwaka haupatikani.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya matini haya mawili, na ndiyo iliyonifanya niandike. Bibi alionyesha hesabu yake: nzige, dhahabu, mtoto anayetambaa. Unaweza kumfuata, ukapima, ukabishana naye. Makarani wetu wa sensa hufanya vivyo hivyo wakikutana na mzee asiyejua mwaka wake. Humtajia matukio hadi umri upatikane. Cheti kimefanya makadirio kama ya bibi, kisha kimeyafuta. Kilichobaki ni siku, mwezi na mwaka, na msomaji hana pa kushika. Waandishi wa makala za kweli tunafanya kosa hilo kila tunapoandika tarehe kamili ili tuaminiwe.

Binti yangu naye ana cheti. Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa kwanza kuanza usajili wa bure wa watoto wa chini ya miaka mitano, mwaka 2013, na yeye alinufaika. Tarehe yake ni ya kweli, nilikuwepo. Mjukuu wake atakayeitafuta ataikuta, na huenda akaandika makala yenye machozi. Ninamtakia heri.

Kwa bibi, nimependekeza tuandike: Alizaliwa Chimala, wakati wa nzige, miaka ya 1930. Nilitegemea mjomba atakataa kwa sababu karatasi hazitalingana.

"Kaburi haliendi mahakamani," alisema. Kisha akauliza fundi anatoza kiasi gani kwa herufi, akahesabu kwa vidole, na kutoa pesa.