Gurudumu, Tairi na Rimu: Uhakiki wa Lugha ya Magari Yaliyoshushwa

Watafsiri wengi huiona lugha ya gereji kuwa ni mabaki ya Kiingereza yaliyovishwa irabu mwishoni, nao huipita wakielekea kwenye istilahi wanazoziona kuwa na heshima zaidi, kama zile za uchumi na utawala. Sisi hatukubaliani nao. Lugha hii hutumiwa kila siku na mafundi wa Kinondoni, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, nayo huamua kama gari litafika salama. Tumechagua kuichunguza kupitia kazi moja tu, yaani kuishusha pikapu ya zamani na kuifunga magurudumu mapana, kwa sababu kazi hiyo inagusa karibu kila neno ambalo tumelizoea pasipo kulipima.

Neno la kwanza ni gurudumu. Katika Kiswahili cha vitabu gurudumu ni kitu kizima kinachozunguka na kulibeba gari. Tairi ni ule mpira wa nje unaogusa barabara. Na sehemu ya chuma inayoshika tairi ndiyo iitwayo rimu. Gerejini mpangilio huu haupo. Fundi akisema “fungua tairi” maana yake ni kulegeza nati na kuliondoa gurudumu zima, na akisema “vua tairi” maana yake ni kuutenga mpira na chuma. Vitenzi vyake viwili vinafanya kazi ambayo vitabu vimeyapa majina mawili. Jambo hili halina hasara kwa watu waliosimama mbele ya gari moja. Hasara huja pale maneno hayo yanapoandikwa. Huko Zanzibar na katika miji mingine ya pwani mambo yamezidi kuchanganyika, kwa kuwa wapo wanaoliita tairi mpira, jina ambalo wenzao wa bara huliwekea ule wa ndani unaojazwa upepo.

Rimu ina shida ya namna nyingine. Mtumishi wa ofisi akisikia rimu hufikiria karatasi mia tano zilizofungwa pamoja. Hatuoni kuwa huo ni mgongano mkubwa, kwa maana hakuna atakayekwenda Shaurimoyo kutafuta vipuri akauziwa karatasi. Mgongano wa kweli umo katika neno ringi, ambalo wengine hulitumia badala ya rimu, hasa katika baiskeli. Ringi ni pia zile pete zinazovikwa kwenye pistoni ndani ya injini. Mwenye gari akiandikiwa katika hati ya malipo kwamba amebadilishiwa “ringi nne”, hana njia ya kujua kama fedha yake imekwenda injinini au miguuni mwa gari. Kwa hiyo tunapendekeza rimu ibaki kwa gurudumu na ringi ibaki kwa pistoni, ijapokuwa tunatambua kwamba vijana wanaopenda kuringa watalikosa neno la kwanza kwa masikitiko.

Ama hiyo iitwayo spoti rimu, tunaikataa katika maandishi rasmi. Haielezi michezo wala mwendo. Kinachokusudiwa ni rimu iliyoundwa kwa aloi, aghalabu ya alumini, tofauti na ile ya bamba la chuma cha kawaida iliyotoka na gari kiwandani. Rimu ya aloi ni jina linalosema kitu kilivyo.

Sasa tufikie upana, ambapo tumekuta kosa ambalo limekwisha kuota mizizi. Kwenye ubavu wa tairi huandikwa, mathalani, 185/70R14. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho hutajwa kama sehemu katika mia ya upana huo. Hapa ni milimita 129.5. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Fundi akiliondoa tairi hilo na kuweka 225/50R15, ameongeza upana kwa milimita 40, lakini kimo cha ubavu kimeshuka hadi milimita 112.5. Kipenyo cha gurudumu zima kilikuwa milimita 614.6, na sasa ni 606, yaani takriban ni kile kile. Je, tairi jipya tuliite jinsi gani? Mitaani wengi huliita “tairi nyembamba”, kwa sababu likitazamwa kwa ubavuni huonekana kama utepe uliozungushwa kwenye rimu. Hali tairi hilo ndilo pana kuliko la kwanza!

Hapa ndipo tunapowalaumu watafsiri, si mafundi. Fundi ana tairi mbele ya macho yake na neno nyembamba halimdanganyi. Mtafsiri wa kijitabu cha mafunzo, ambaye hana tairi bali ana kamusi, huandika nyembamba mara kwa upana na mara kwa ubavu, naye mwanafunzi wa ufundi huko Chang'ombe huachwa abahatishe. Maneno ya kuondoa utata huo tunayo tayari. Upana una pande mbili: tairi pana na tairi jembamba. Ubavu nao una zake: tairi la ubavu mrefu na tairi la ubavu mfupi. Halihitajiki neno la kigeni wala la kubuniwa. Inatosha kulipiga marufuku neno jembamba lisiuelezee ubavu.

Msomaji ataona kwamba tumeandika “tairi jembamba” na kwamba mitaani husemwa “tairi nyembamba”. Tunafuata ngeli ya li-/ya-. Kwa suala hili hatuna ugomvi mkubwa na mtu.

Lakini tuna ugomvi na kitenzi kutoka. Rimu pana ikifungwa pasipo kubadili mahali inapoegemea, nusu ya nyongeza huenda ndani na nusu huenda nje. Katika mfano wetu ni milimita 20 kila upande. Kuna rimu nyingine ambazo kitako chake, yaani ule uso unaobanwa na nati, kimesogezwa kuelekea ndani, hivyo gurudumu lote husogea nje. Ikiwa kimesogezwa milimita 20, basi zile 40 zote huonekana nje ya bodi. Mwenye gari hutazama na kusema kwa fahari, “Tairi zimetoka.” Sasa tumfikirie askari wa usalama barabarani, au mkaguzi, anayeandika taarifa ya ajali iliyotokea katika Barabara ya Kilwa: “Tairi la mbele la kulia lilitoka.” Je, lilichomoza nje ya madigadi hata kabla ya safari? Au mpira ulivuka ukingo wa rimu gari lilipokata kona? Au nati zilikatika na gurudumu likaenda zake? Mambo haya matatu yana sababu tatu na huenda yakawa na wakosaji watatu: mwenye gari, muuza tairi, na fundi. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, sentensi hiyo haiandikwi tena kwa ajili ya jalada la kituoni pekee. Inaweza kusomwa mbele ya hakimu, na wakili mwenye akili atauliza ni kutoka kupi.

Tunapendekeza kwamba katika taarifa rasmi gurudumu lililozidi bodi liitwe gurudumu lililochomoza, na jambo lenyewe liitwe mchomozo. Mpira uliotengana na chuma uitwe tairi lililovuka rimu. Gurudumu lililoachana na gari liitwe gurudumu lililochomoka. Tunajua kwamba kuchomoza na kuchomoka ni ndugu kwa sauti na sikio la haraka linaweza kuyachanganya. Anayeona hatari hiyo ni kubwa na aandike “lililoachana na gari” pasipo kuona haya. Istilahi ndefu iliyo wazi ni bora kuliko fupi inayobishaniwa kizimbani.

Kile kipimo chenyewe, yaani umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na kitako chake, mafundi waliosoma hukiita ofseti. Tungelikubali neno hilo kama lisingekuwa limekwisha kuchukuliwa na wapiga chapa, ambao uchapaji wa ofseti umekuwa riziki yao kwa miaka mingi. Wako waliotupendekezea mtoko, nasi tulilifikiria mpaka tulipokumbushwa kwamba kwa vijana wa Dar es Salaam mtoko ni matembezi ya jioni ya wapendanao. Umbali wa kitako ndio tunaouchagua. Kitako ni neno letu, linaeleweka na mtu ambaye hajawahi kuiona rimu, na linakubali vivumishi: kitako kilichoingia ndani, kitako cha kati, kitako kilichotokeza nje. Mwanafunzi akielezwa kwamba kitako kikisogea ndani gurudumu husogea nje, ataelewa pia kwa nini beringi huchoka mapema na usukani huwa mzito: uzito umeliacha lile eneo ambalo mtengenezaji alilikusudia, na nguvu imepata mkono mrefu zaidi wa kuzikandamiza.

Kushusha nalo linataka uangalifu. Gari hushushwa kutoka melini pale bandarini; abiria hushushwa kituoni; mzigo hushushwa kwenye pikapu. “Pikapu imeshushwa” ina maana nyingi kuliko zinavyoweza kuvumilika. Wasemaji waache waseme watakavyo, ila mwandishi wa maelezo ya kiufundi aseme “kupunguza kimo cha gari”, kisha aeleze kilichopunguzwa. Tunasisitiza hilo la mwisho kwa sababu njia ni nyingi na neno moja huzifunika. Pikapu za zamani, kama vile Datsun 620 iliyoundwa kati ya 1972 na 1979, zina springi za mabapa nyuma. Kipande cha chuma kikiwekwa kati ya springi na ekseli, bodi hushuka ikiwa springi zimepita chini ya ekseli. Zikiwa zimepita juu yake, kipande hicho hicho huliinua gari. Maelezo yanayosema “ongeza kipande ili kushusha” bila ya kutaja springi imepita wapi yamekosa nusu ya ukweli, hata kama kila neno lake ni sanifu.

Na pikapu si gari dogo la abiria. Ikiwa tupu, tairi pana huenda lisiguse madigadi kabisa. Ipakie mifuko kumi ya saruji, ambayo ni kilo 500, uivushe kwenye matuta ya barabarani, ndipo springi zitakapolala na mpira kuanza kujisugua kwenye bati. Kwa hiyo neno nafasi, katika sentensi kama “acha nafasi kati ya tairi na madigadi”, halitoshi. Iandikwe nafasi gari likiwa na mzigo kamili.

Limebaki jina la gari lenyewe. Mikweche ni dhihaka, na kuukuu ni kitu kilichochakaa. Hakuna atakayetumia mshahara wa miezi mingi kuikarabati pikapu kuukuu kisha akubali kuitwa hivyo. Gari la kale hutupeleka makumbusho. Tunaona kongwe ndilo neno lililo sawa, kwa kuwa humpa mwenye umri heshima yake pasipo kudai kwamba bado ana nguvu. Pikapu, kwa upande wake, tuiache kama ilivyo. Mji huu umekwisha kuonyesha kwamba unaweza kuyapa magari majina yake wenyewe pasipo kuombwa: pikapu zilizowekewa mabenchi na kubeba abiria waliotazamana ziliitwa chai maharage, na leo vigari vidogo vya mizigo vinaitwa kirikuu. Mtafsiri atakayekutana na pikapu kongwe iliyopunguzwa kimo, yenye rimu za aloi na tairi pana za ubavu mfupi, sasa anaweza kuiandika yote hiyo kwa Kiswahili. Na mkaguzi atakayeipima mchomozo wake aandike kipimo hicho kwa milimita, upande wa kulia na wa kushoto, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.